Safari ya Kigoma: Gitaa Moja na Ubeti wa Tatu

Ndugu msomaji, huenda utashangaa kusikia kwamba karani wa parokia, mtu wa kuandika vyeti vya ubatizo na kupanga majina ya jumuiya, alisafiri usiku kucha kwa gari la moshi ili kusikiliza wimbo mmoja tu. Hata mke wangu alishangaa, akaniuliza kama nimekosa kazi. Lakini kaa kitako, tusafiri pamoja. Tukifika mwisho utaamua mwenyewe kama nauli yangu ilipotea au haikupotea.

Kwanza nikueleze habari za wimbo wenyewe.

Kijiji chetu kiko kando ya reli, upande wa Urambo, katika nchi ya tumbaku na asali. Baba yangu alikuwa mtu wa genge la reli. Kazi yake ilikuwa kukaza reli na kubadili mataruma. Kabla mimi sijazaliwa alinunua kaseti moja sokoni Tabora. Humo aliimba mtu mmoja peke yake na gitaa lake kavu, lile ambalo wazee wetu waliliita galatoni. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna waitikiaji. Lakini ukimsikiliza utadhani wako watatu: wa kwanza anapiga nyuzi nene, wa pili anapiga nyuzi nyembamba, na wa tatu anaimba.

Katika kaseti ile ulikuwamo wimbo ambao nyumba yetu nzima tuliupenda. Ubeti wa kwanza, kijana anaagana na mama yake stesheni. Mama amemfungia viazi vya kuchemsha katika jani la mgomba, anamwuliza atarudi lini. Kijana anajibu kwamba atarudi embe zitakapoiva. Ubeti wa pili, kijana yuko nchi ya mbali, kazini. Embe zimeiva, naye hana kitu cha kumpelekea mama. Anasema, basi, msimu ujao. Na msimu ujao anasema vivyo hivyo. Halafu gitaa linalia peke yake, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema neno zito. Na hapo hapo, mwanzo wa ubeti wa tatu, mkanda ulikuwa umekatika. Tuliambiwa kwamba redio iliula.

Miaka yote ya utoto wangu niliusikia wimbo ule mpaka pale, basi. Nilimwuliza baba ubeti wa tatu unasemaje. Akajibu, "Nimesahau, mwanangu." Nilipokuwa chuo cha ualimu niliwauliza wenzangu waliotoka Kigoma. Wengine waliujua wimbo, lakini kila mmoja alinipa mwisho wake.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, kijana mmoja wa reli aliniletea habari kwamba yule mwimbaji yu hai, anakaa Kigoma, na Jumamosi ya pili yake atapiga gitaa peke yake katika ukumbi mmoja karibu na ziwa. Akaongeza kwamba vidole vya mzee vimeanza kukakamaa, na watu wanasema huenda ikawa mara ya mwisho. Nilikimbia kumwambia baba, nikidhani atafurahi na kuomba twende wote. Baba sasa amekaribia miaka themanini, lakini miguu bado inamchukua. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nenda wewe. Mimi nimechoka." Nilimwomba Padre Paroko ruhusa ya siku chache. Akanikubalia, mradi matangazo ya Dominika niyaache tayari mezani.

Basi, nikapanda gari la moshi, ingawa moshi wenyewe siku hizi ni wa dizeli. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Urefu wake wote ni kilometa 1,250 hivi. Usiku ule sikuona mengi ila taa za stesheni na akina mama wa Kaliua wakipita madirishani na chupa za asali. Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Buha mwenye kuku wawili kapuni, na kuku wale walilala vizuri kuliko mimi.

Asubuhi tulikuwa tumekwisha kuvuka mto Malagarasi. Tulipofika Uvinza, watu wakainuka kununua chumvi. Chumvi ya Uvinza ina sifa ya kale. Hutoka katika chemchemi za maji ya chumvi, na tangu zamani za mababu watu waliyachemsha maji yale na kuisafirisha chumvi nchi za mbali. Baada ya hapo nchi inabadilika. Miombo inapungua, michikichi inaanza kuonekana, na hewa inakuwa na unyevu. Kisha ghafula vilima vinaachana, na ziwa liko mbele yako.

Ndugu msomaji, kama hujaliona Ziwa Tanganyika, sijui nikueleze namna gani. Mahali penye kina kirefu kabisa lina mita zaidi ya 1,400, na katika maziwa yote ya dunia linazidiwa kina na lile la Baikal la huko Urusi tu. Reli inakoma pale pale karibu na maji, kana kwamba wajenzi walifika wakatazamana, wakasema, sasa basi. Hewa ikiwa safi unaona milima ya Kongo ng'ambo ya pili, ya buluu, kama ukuta wa nyumba ya jirani. Na jirani ndiye kweli.

Kwa kuwa nilifika mapema, nilikwenda Ujiji. Kila mtoto wa shule anajua kwamba ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Lakini mimi nilitaka kuiona ile miembe. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika ziwani. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watumwa, jambo ambalo halifai kusahauliwa. Ilipitisha pia lugha. Kiswahili kilivuka ziwa pamoja na wachukuzi na wafanya biashara, kikaingia Kongo, kikakaa huko mpaka leo kikiwa na sauti yake. Ndiyo maana mtu aliyezaliwa ng'ambo anatunga wimbo, na mimi wa Urambo ninaushika bila mkalimani.

Na tukisema habari za gitaa, jirani yetu huyu ametupa mengi. Wazee wanaomkumbuka Jean-Bosco Mwenda watanielewa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka nchi za Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, huko Katanga. Akairekodi "Masanga" na nyimbo nyingine, na santuri zake zikaenea mpaka huku kwetu. Bosco alipiga kwa kidole gumba na cha shahada: gumba linashika nyuzi nene, na cha shahada kinafuma nyuzi nyembamba, kama mwanamke anayesuka mkeka. Baadaye alifika Nairobi, na mwaka 1969 alipiga gitaa lake Newport huko Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Jina lake jingine lilikuwa Mwenda wa Bayeke. Wayeke hao ni nani? Asili yao ni huku kwetu, Unyamwezi na Usumbwa. Mababu zao walihamia Katanga pamoja na Msiri katika karne ya 19, wakakaa Bunkeya. Kwa hiyo watu walitoka huku wakaenda kule, na gitaa likatoka kule likaja huku.

Sasa turudi ukumbini. Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000. Ukumbi wenyewe ni wa kawaida: kuta za matofali, paa la bati, viti vya plastiki na mabenchi. Tulikuwa watu kama mia moja na ishirini. Vijana walikuwa wameweka spika mbili kubwa kama makabati, na kipaza sauti katikati.

Mzee akaingia. Ni mfupi, amevaa koti la kijivu na viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Gitaa alilibeba limefungwa katika kanga. Alipolifungua niliona kwamba shingoni amefunga kalamu ya risasi kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ili kupandisha sauti za nyuzi zilingane na koo lake. Aliitazama ile kalamu, akatuambia kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, "Zamani nilikuwa ninaifunga huku juu. Sasa sauti imeshuka, na kalamu nayo imeshuka." Watu wakacheka.

Kisha akawaomba vijana wazime zile spika. Vijana wakasita, maana walikuwa wamezikodi. Mzee akasema, "Ninyi mko karibu na mimi niko karibu. Hii mashine inasemesha nani?" Akatuomba tuvute mabenchi mbele. Halafu akaomba kila mtu aweke simu mfukoni. "Simu ikishika, kichwa kinaacha," alisema. Nami nilikuwa nimekwisha kuishika yangu mkononi! Nikairudisha mfukoni, nikatoa daftari na kalamu. Kwa daftari hakusema kitu.

Akaanza. Aliimba habari za wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku na taa, mpaka ziwa linaonekana kama mji. Aliimba habari za mtu aliyenunua baiskeli isiyo na breki kwa sababu ilikuwa na kengele nzuri, na mama mmoja nyuma yangu alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha aliimba habari za usiku wa mwaka 1964, mwaka wa vita, alipovuka ziwa kwa mtumbwi akiwa kijana, na gitaa lake wakalitumia kukomba maji. Hapo hakuna aliyecheka. Vidole vyake vilikosea mara mbili au tatu. Akikosea hakujifanya hakukosea. Alirudi nyuma kidogo, akapita tena pale pale polepole, kama mtu aliyejikwaa njiani.

Na baada ya saa nzima hivi nikasikia nyuzi nilizozijua tangu utoto. Moyo ulinipiga. Mama akamfungia mwana viazi. Kijana akaahidi kurudi embe zitakapoiva. Embe zikaiva, na embe zikaiva tena. Gitaa likabaki linalia peke yake. Nikashika kalamu.

Ndipo mvua ikanyesha.

Wewe unayekaa nyumba ya bati unajua mvua ya masika inavyofanya. Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote mara moja. Nilimwona mzee akifumba kinywa. Hata kama angepiga kelele, aliyekaa benchi la kwanza asingesikia. Kijana mmoja akamwonyesha zile spika kwa ishara, kwamba aziwashe. Mzee akatikisa kichwa. Akalaza gitaa juu ya mapaja, akaweka viganja juu ya nyuzi, akangoja.

Tuliingoja mvua ile kwa zaidi ya nusu saa. Watu wakaanza kuondoka. Wengine walikuwa wameacha watoto, wengine waliogopa kukosa pikipiki za kuwarudisha. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilipokuwa nakaa pale niliwaza, Je, mzee akichoka akaenda zake? Nimetoka Urambo usiku kucha, na wimbo utanikatikia pale pale ulipokatika kwenye kaseti. Tulipobaki watu wasiofika hamsini, mvua ikalegea, bati likanyamaza, na yakabaki matone ya pembeni tu. Mzee akatutazama. "Mvua naye iko na wimbo yake," akasema. Akainua gitaa. Hakurudi mwanzo. Akaanza pale pale alipoachia.

Sitauandika ubeti ule neno kwa neno, maana ni mali yake. Nitakueleza maana yake tu. Kijana amerudi, na sasa si kijana tena. Mwembe wa mama umejaa embe, lakini majani yameota mlangoni. Jirani anatoka na kapu, anamwambia: mama yako kila msimu alikuwekea embe moja, kubwa kuliko zote. Ilipooza aliitupa, lakini kokwa aliikausha akaitia humu. Mtu yule anakaa chini ya mwembe, anazihesabu kokwa moja moja. Na gitaa ndilo linalohesabu, uzi mmoja kwa kila kokwa, polepole, mpaka linakoma. Hakuna neno tena. Wimbo umekwisha.

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Tulikuwa tumeinama.

Watu walipotoka nilikwenda kumwamkia. "Shikamoo, mzee." Nikamweleza habari za baba na kaseti iliyokatika, nikamwuliza kama jambo lile lilimpata yeye mwenyewe. Akacheka kidogo. "Mwanangu, watu wengi wamekuja kuniambia, 'Mzee, ule wimbo ni habari yangu.' Wa mkonge, wa migodi, wa meli, wa reli. Mimi ninawajibu wote, 'Ndiyo, ni yako.'" Nikamwomba ruhusa ya kuandika gazetini. Akakubali, lakini akasema nisiandike jina lake. "Ukiandika jina watasema ni wimbo wa fulani. Acha ukuwe wa wale waliochelewa." Ahadi ni deni, kwa hiyo jina lake halimo humu.

Katika gari la kurudi sikulala. Niliandika maneno yote, na juu yake nikaandika sauti kwa nota za do-re-mi kama tulivyofundishwa chuoni. Niliimba kimoyomoyo tangu Uvinza mpaka Kaliua ili nisipoteze hata moja.

Jioni nilimkuta baba amekaa nje ya nyumba. Nikakaa kwenye kigoda karibu naye, nikafungua daftari. Nikaimba ubeti wa kwanza na wa pili. Baba alikuwa akitazama reli. Nikaanza wa tatu. Nikafika penye majani ya mlangoni, nikasimama kidogo kutafuta mstari, maana mwandiko wa garini haukuwa mzuri. Ndipo baba akaniuliza kwa sauti ndogo, "Je, kokwa bado anazihesabu?"

Nilikuwa sijafika penye kokwa.

Nilifunga daftari. Baba akasema, "Mwanangu, redio haikula ule mkanda. Niliukata mimi, kwa wembe."

Kisha akanieleza mambo ambayo mimi, kitinda mimba wake, sikuwahi kuyasikia. Kwao ni Buha, upande wa Kasulu, hilo nililijua. Mwaka 1963, kama vijana wengi wa Buha wa nyakati zile, aliondoka kwenda mashamba ya mkonge Tanga. Alimwahidi mama yake miaka miwili. Mkataba ulipokwisha fedha zilikuwa chache, akaona haya kurudi mikono mitupu. Akaingia kazi ya reli, akisema kila mwaka unaomsogeza karibu na nyumbani ni mwema. Mwaka 1971 ilimfikia barua kwamba mama amezikwa. Ilikuwa imekaa njiani miezi miwili. Tangu siku ile hakukanyaga Kasulu. Alisema, "Ningekwenda kumwambia nani kwamba nimefika?" Miaka yote hiyo alikuwa ametengeneza njia ya reli ili watu wengine wafike kwao.

Sikujua la kumjibu. Mimi kazi yangu ni kuandika majina ya wazazi katika vitabu vya parokia. Nimeandika mamia, na jina la bibi yangu mwenyewe sikuwahi kuliuliza. Nikamwuliza jioni ile. Akalitaja. Nikaliandika katika daftari lile lile, chini ya nota.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini asubuhi baba alikuja ofisini kwangu na fimbo yake, akasimama mlangoni. "Wewe ni msomi," akasema. "Kaburi la mtu aliyezikwa mwaka 1971 laweza kuonekana?" Nikamwambia kwamba ndugu wa ukoo wangali wako, na mara nyingi wazee wanajua mahali. Nikaongeza kwamba tungoje mwezi wa Novemba, mvua za masika zitakuwa zimekwisha na mimi nitakuwa na likizo.

Baba akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Tusingoje embe ziive."

Ndugu msomaji, sina mahubiri ya kukupa. Hiyo ni kazi ya padre. Nitakuomba jambo moja tu. Kama kwenu yuko mzee mwenye wimbo ambao kila mara anaukatiza mahali pamoja, usimwache hivyo kwa kudhani kwamba amesahau. Kaa karibu naye, mwulize pole pole. Na kama ni wewe uliyeahidi kurudi mahali, na msimu umepita na mwingine tena, nenda hata kama mikono ni mitupu.

Tiketi zetu za Kigoma nimekwisha kuzinunua, mbili, za wiki ijayo. Ziko ndani ya daftari, penye ubeti wa tatu.